Kengele ya mwisho ya shule ikigonga, kijana mwenye ulemavu anakwenda wapi? Uzi kwa walimu, wazazi na waajiri

Mwalimu wa Karakana

Wakuu, salaam kwenu.

Huu ni mwaka wa 19 nafundisha stadi za kazi kwa vijana wenye ulemavu. Wengi wao wana ulemavu wa akili au usonji, wachache ni viziwi na wasioona. Msimu wa kufunga shule unakaribia, na kila ukifika nakosa usingizi. Natazama darasa langu la mwisho najiuliza: Ijumaa wanaaga, Jumatatu wanaamkia wapi?

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kijana mwenye ulemavu wa akili, mpole, mwenye bidii isiyochoka. Nikaamua huyu atakuwa mpangaji wa bidhaa dukani. Nikapigilia rafu ya mbao kwenye ukuta wa darasa, nikakusanya makopo na maboksi matupu, tukaanza. Zoezi lile tulilifanya miaka mitatu. Alipanga mpaka raha kutazama, lebo zote mbele, mistari imenyooka. Kila mgeni aliyetembelea shule alipelekwa kumwona. Alipomaliza tukamtafutia nafasi kwenye duka kubwa. Siku ya nne wakamrudisha.

Nilikwenda kuuliza. Kupanga alipanga vizuri tu. Lakini dukani mzigo mpya unakaa nyuma na wa zamani unavutwa mbele kwa kufuata tarehe, jambo ambalo makopo yangu matupu hayakuwahi kulidai. Wateja walimsimamisha kumuuliza vitu, akaganda. Wenzake walipokwenda mapumziko hakujua kama na yeye anaruhusiwa, akabaki amesimama. Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo: siku zote zile hakuna aliyemwonyesha choo kilipo, naye akaona haya kuuliza, akawa anajizuia mchana kutwa. Shuleni tukaandika kwenye faili lake kwamba bado hajawa tayari kwa kazi. Miaka mitatu nimemfundisha kitu ambacho hakipo popote duniani isipokuwa kwenye ukuta wangu, halafu aliyeandikiwa upungufu ni yeye.

Vijana wengi wenye ulemavu wa akili hupata tabu kuhamisha ujuzi kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Ukimfundisha kufua kwa beseni la bluu, beseni jekundu ni somo jipya. Ukishalijua hilo, utaona kuwa kumweka darasani miaka na miaka "aandaliwe" ni kumpotezea muda. Afundishwe pale pale atakapofanya kazi, kwa vifaa vile vile, katikati ya kelele zile zile na watu wale wale. Wanaofanya kazi hii kwa uzito wana kanuni fupi: mweke kwanza, mfundishe akiwa hapo. Sisi tumezoea kinyume chake, na ule "utayari" tunaousubiri kwa wengi hauji kamwe, kwa sababu mtu hawi tayari kwa kitu ambacho hajawahi kukigusa.

Hayo hayakugunduliwa jana. Miaka ya 1970 Marekani kulikuwa na mtaalamu aitwaye Marc Gold. Aliwachukua watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, wengine wakiishi kwenye mabweni ya kufungiwa na wameandikwa kuwa hawafundishiki, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande zaidi ya kumi. Wakaweza. Alivunja kazi katika hatua ndogo ndogo, akaonyesha kwa mikono kuliko kwa maneno, na mwanafunzi alipokwama alibadilisha namna ya kufundisha badala ya kumbadilisha mwanafunzi. Ninaposikia mtu anasema "huyu hawezi", nauliza kwanza amefundishwa kwa njia ngapi.

Mfano mwingine ninaoupenda ulianza mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani. Muuguzi Erin Riehle, aliyekuwa akiongoza idara ya dharura, alikuwa na tabu ya wafanyakazi wa kujaza vifaa kwenye makabati: wanakuja, wanachoka, wanaondoka. Akawaza, kwa nini tusiwapeleke vijana wenye ulemavu wa akili wakajifunza kazi hii kikamilifu? Ikawa programu ya Project SEARCH, ambayo leo ipo katika nchi kadhaa. Mwaka wa mwisho wa shule unahamia kazini mzima mzima. Mwalimu anakuwa pale pale, kijana anapitia idara tatu tofauti kwa mwaka, asubuhi somo fupi kisha kazi halisi. Mwaka ukiisha hatoki mikono mitupu, kwa sababu kuna msimamizi aliyemwona akifanya kazi kwa macho yake, na kwa mwajiri ushahidi huo unapita cheti chochote.

Sasa niseme kuhusu siku ya kufunga shule, maana hapo ndipo tunapowapoteza. Akiwa shuleni ana mwalimu, pengine mkalimani wa lugha ya alama, kiti mwendo cha shule, kompyuta ya shule, basi la shule, na kundi la rafiki. Siku akimaliza, vyote vinakatika pamoja, siku ile ile. Anarudi nyumbani. Mwezi wa kwanza ni likizo. Mwezi wa tatu ameshaanza kulala mpaka mchana. Baada ya mwaka hasalimii wageni, na stadi alizokuwa nazo zimeliwa na kuta nne. Nimewakuta hivyo kwa macho yangu. Kijana niliyemuacha akisafiri peke yake nimemkuta hatoki hata nje ya geti.

Ndiyo maana nasema kazi ipatikane kabla ya shule kufungwa, na anayemsindikiza amvushe mpaka ng'ambo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 umeweka elimu katika kifungu cha 24 na kazi katika kifungu cha 27. Kijana wangu anaanguka katikati ya vifungu hivyo viwili. Marekani sheria yao ya elimu inataka mpango wa kumvusha mwanafunzi uwe umeandikwa kufikia umri wa miaka 16. Kwangu mimi 16 ni kuchelewa. Mtoto wa miaka 12 au 13 anaweza kuwa na kazi yake ya nyumbani ambayo hakuna mtu mwingine atakayemfanyia asipoifanya, na hapo kazi imeshaanza.

La mwisho kwa leo. Tuache kugawa kazi kwa aina ya ulemavu. Asiyeona apelekwe kwenye simu, kiziwi kwenye cherehani, mwenye ulemavu wa akili kwenye shanga. Nani aliwauliza? Nilikuwa na binti kiziwi aliyeshonishwa miaka minne huku akichukia sindano, na kumbe nyumbani ndiye aliyekuwa akifungua na kutengeneza redio za mtaa mzima. Redio, wakuu, ambayo yeye haisikii! Alikuwa anafuata waya kwa macho na kipimo.

Karibuni. Wazazi, waajiri, na zaidi wenye ulemavu wenyewe, semeni.

Mpita Njia

Mkuu nakuheshimu na nimesoma yote. Lakini tuambizane ukweli. Vijana wazima wenye vyeti vyao wamejaa mitaani hawana ajira. Huyo mwajiri atamwacha mzima amchukue mwenye ulemavu kwa sababu gani? Mnawapa hawa vijana matumaini ambayo soko halina.

Kisoma Skrini

Ndugu Mpita Njia, kwanza mimi ni mzima. Sioni, lakini ni mzima, na kazi ninayo. Nikujibu kwa yaliyonipata.

Shule ilinipitisha vizuri. Mitihani kwa nukta nundu, muda wa ziada, msomaji pale inapobidi. Nashukuru. Lakini kulikuwa na kitu kimoja hawakunipa, nacho ni kuomba mwenyewe. Kila kitu walinipangia walimu. Nilipofika mbele ya mwajiri wa kwanza akaniuliza, "Unahitaji nini ili ufanye kazi hapa?" nikanyamaza. Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikasema "chochote tu". Kazi sikupata, na leo naelewa kwa nini. Yule bwana hakuwa mbaya. Alitaka kujua, na mimi ndiye niliyetakiwa kumweleza.

Nikajifunza sentensi tatu, nikazifanyia mazoezi mpaka zikatoka bila kutetemeka. Moja: natumia kompyuta kwa programu ya kisoma skrini, inanisomea kilichoandikwa. Mbili: programu hiyo ni ya bure, nitaiweka mwenyewe. Tatu: naomba siku moja kabla ya kuanza nifike kujifunza njia za jengo kwa fimbo yangu. Usaili wa pili nilizisema kabla hawajauliza, nikaona, maana hata sisi tunaona kwa namna yetu, sauti zao zikilegea.

Programu yenyewe ni NVDA. Vijana wawili wasioona wa Australia waliianza mwaka 2006 kwa sababu zilizokuwepo zilikuwa ghali. Nawaambia walimu hili kwa msisitizo: nukta nundu ni muhimu, usiiache, ila ofisi inaendeshwa kwa kompyuta. Mwanafunzi asiyeona anayemaliza shule bila kuchapa kwa vidole kumi na bila kujua kutuma barua pepe mwenyewe, mmemfungia mlango kwa nje.

Na sikuanza bila mikwaruzo. Mfumo wa ofisi ulikuwa na vitufe vya picha tu, havina majina, kisoma skrini kinaniambia "kitufe, kitufe, kitufe". Wiki ya kwanza nilidhani nitafukuzwa. Fundi wa kompyuta akaketi nami mchana mmoja akavipa majina vitufe vyote. Mchana mmoja! Bila kumwomba, ningeandikiwa kwamba siwezi.

Mwalimu wa Karakana

Kisoma Skrini, ahsante sana. Zile sentensi tatu nitazipeleka darasani kesho. Kila mwanafunzi aandike za kwake. Asiyeongea atazibeba kwenye kadi au kwenye picha.

Mpita Njia, swali lako ni la haki, silikwepi. Kazi ni chache kwa kila mtu, na pale penye uchache wa kwanza kuachwa ni hawa. Sasa kama hivyo ndivyo, tukae? Naona kinyume. Kwa sababu mlango ni mwembamba, sitamtuma kijana akapige foleni na mia mbili kwa karatasi ya maombi, maana kwenye karatasi atashindwa. Nitakwenda mwenyewe kwa mwajiri, nitazame kazi zake, nitafute ile inayolala kila siku bila mwenyewe. Kuna muuguzi anayepoteza saa nzima kutafuta vifaa. Kuna fundi wa gereji anayepanga spana badala ya kufungua injini. Kuna ofisi yenye rundo la faili ambalo kila mtu analipita. Ukivikusanya vipande hivyo unapata kazi kamili ya mtu mmoja, ambayo haikutangazwa popote na hakuna mia mbili wanaoigombea. Mwajiri naye amepata kitu, kwa hiyo simwombi sadaka.

Na tusisahau idadi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wana ulemavu, karibu mmoja kati ya kila sita.

Mama wa Usonji

Mwalimu, shikamoo. Nimelia nikisoma pale uliposema kuta nne.

Kijana wangu ana miaka 17, ana usonji. Anaongea kidogo. Mwaka huu anamaliza. Sitaki kudanganya, mimi ndiye ninayeogopa kuliko yeye. Namvalisha, namwandalia kila kitu, namfuata mpaka mlango wa darasa. Watu wana maneno makali. Akipigiwa kelele anaziba masikio na kuyumba. Nani atamvumilia kazini? Halafu pesa hajui kuhesabu vizuri. Bora nimweke nyumbani nimlinde. Niambie ukweli, nakosea?

Mwalimu wa Karakana

Marahaba mama. Pole, na ahsante kwa kufungua moyo.

Hukosei kumlinda. Umemlinda miaka 17 na ndiyo maana yupo salama leo. Ila tuwaze siku ambayo hutakuwepo, au umeugua wiki mbili tu. Atamvalisha nani?

Nakuomba uanze na swali moja, unijibu hapa hapa: anaweza kukaa na kitu gani saa mbili bila kusukumwa?

Mama wa Usonji

Namba. Anajua namba za magari ya mtaa mzima na mwenye kila gari. Na kupanga. Mifuniko ya sufuria, viatu, vitabu vya dada yake, vyote vinapangwa kwa ukubwa. Ukikisogeza kimoja anajua, hata umsogezee usiku.

Mwalimu wa Karakana

Mama, umenieleza mtu ambaye stoo nyingi zinamtafuta! Anayekumbuka namba, anayeona kilichosogezwa, asiyechoka kupanga. Stoo ya vipuri, maktaba, masjala ya faili, chumba cha vifaa vya hospitali. Sisemi atapata kesho. Nasema sasa tuna pa kuelekea.

Hofu zako nazo ni taarifa, tuziandike. Kelele zinamuumiza, basi hatumpeleki mahali pa mashine zinazovuma, au anavaa vizuia kelele, na zamu yake inakuwa saa zilizotulia. Kuhesabu pesa hajui, basi tunatafuta kazi isiyogusa pesa. Watu wengi wenye ajira nzuri hawagusi sanduku la fedha maisha yao yote.

Kuvaa, anza leo. Panga nguo kitandani kwa mfuatano wa kuvaa, bandika picha za mfuatano huo ukutani, halafu kaa mbali. Atachelewa. Mwache achelewe. Ukiingia kumsaidia dakika ya tatu amejifunza kwamba akisubiri dakika tatu mama anakuja.

Safari nayo inafundishwa. Wiki za mwanzo mnapanda basi pamoja, mmekaa pamoja. Kisha unakaa kiti cha nyuma yake. Kisha unapanda basi linalofuata. Kisha unamsubiri kituoni. Mwisho unampigia simu tu. Wazazi wengi wanaruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kijana anapotea mara moja, basi safari imekufa kabisa. Na mfundishe mapema la kufanya akipotea, kwa kumpoteza makusudi ukiwa karibu unamwona: asimame, atoe kadi, amwonyeshe mtu mwenye sare.

Mchomeleaji Kiziwi

Mimi ni kiziwi tangu utoto, nachomelea vyuma. Kiswahili cha kuandika ni lugha yangu ya pili, ya kwanza ni lugha ya alama, mnisamehe nikikosea.

Nataka kusema jambo ambalo walimu hawalijui kwa sababu hawajakaa kazini na sisi. Kazi siyo ngumu. Ngumu ni mazungumzo ya pembeni. Siku ya usaili waliniletea mkalimani, nikafurahi. Siku ya kwanza ya kazi mkalimani hayupo. Kila asubuhi msimamizi anaongea dakika kumi kuhusu usalama, mimi natazama midomo. Mwezi mzima nilikuwa nafanya wanavyofanya wengine bila kujua sababu. Siku moja nilisimama karibu na mahali walipotangaza pasikanyagwe. Nilikuwa naweza kufa.

Nikaandika kwenye karatasi, nikampa bosi. Sasa maagizo ya asubuhi yanaandikwa ubaoni kila siku, na wenzangu wote wanayasoma, siyo mimi peke yangu. Wakaweka taa inayowaka gari la mizigo likirudi nyuma, na kioo mbele ya meza yangu ili nione anayekuja nyuma yangu. Wawili katika wenzangu walijifunza alama kidogo: moto, simama, njoo, chai, hatari, kesho. Wakati wa kula sasa sikai peke yangu.

Mwalimu, fundisha vijana viziwi kuandika barua fupi ya kuomba jambo. Na fundisha wanaosikia pia.

Mwalimu Mpya

Kaka mwalimu, mimi nina mwaka wa pili kazini. Shule yetu haina fungu la mambo haya, haina hata usafiri. Na mwalimu mkuu anasema nikitoka na wanafunzi masomo yatasimama. Naanzia wapi?

Mwalimu wa Karakana

Anza bila wanafunzi. Tafuta sehemu moja ya kazi iliyo umbali wa kutembea kwa miguu, omba kufanya kazi pale asubuhi moja, wewe mwenyewe, bila malipo. Vaa, shika ufagio au boksi. Asubuhi moja hiyo itakufundisha mambo ambayo hayamo kwenye mtaala.

Kisha chukua kazi moja, iandike hatua kwa hatua. Utaandika "safisha meza" ukidhani umemaliza. Rudi ufanye tena polepole, utaona ni hatua kumi na tano: chukua kitambaa, loweka, kamua, maji yasichuruzike, ondoa vyombo kwanza, anza pembe ya mbali, vuta kuelekea kwako, na kuendelea. Hatua ya kukamua ndiyo inayowaangusha wengi, na hakuna anayeiandika kwa sababu sisi mikono yetu inaijua.

Kisha mpeleke mwanafunzi mmoja. Mmoja. Usipeleke kundi la kumi na watano wakasimama kutazama, ile ni ziara. Onyesha hatua, mwache ajaribu, msaidie pale tu alipokwama, kwa msaada mdogo kabisa unaotosha: kwanza kidole kuonyesha, kikishindwa neno moja, likishindwa mkono juu ya mkono. Wiki inayofuata punguza. Kuna walimu wema sana wanaokaa begani mwa kijana mpaka mwisho. Siku wakiondoka kazi inasimama, kumbe alikuwa akimfuata mwalimu tu. Na mapema kabisa mtafute mwenzake wa pale kazini, mwenye subira, awe ndiye anayeulizwa badala yako. Wewe utaondoka, yeye atabaki.

Kuhusu masomo kusimama, mwambie mkuu wako hivi, kwa heshima: tafiti za Marekani zilizofuatilia vijana wenye ulemavu baada ya shule zimekuwa zikionyesha jambo moja kwa kurudia, kwamba aliyewahi kufanya kazi ya kulipwa akiwa bado mwanafunzi ana nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa baadaye. Hapo kazini kuna hesabu, kuna kusoma lebo, kuna saa. Somo linaendelea.

Msimamizi wa Bohari

Wakuu, nimekuwa msomaji kimya. Nasimamia bohari ya kati, si kubwa. Niseme ya upande wetu bila kuficha.

Tunaogopa. Mwajiri akisikia neno ulemavu anawaza ajali, gharama, na kwamba hataweza kumwachisha mtu kazi hata akiharibu. Niliwahi kuletewa kijana na taasisi moja, wakapiga picha, wakaondoka, simu zao hazikupokelewa tena. Kijana alipopata shida hatukujua la kufanya, sisi ni watu wa mizigo. Aliondoka mwenyewe. Nilibaki na uchungu, na nikaapa sitarudia.

Lakini huyu kijana wa mama anayekumbuka namba... Maswali yangu matatu. Nimlipe vipi? Nikimkemea itakuwaje? Wenzake wakilalamika kwamba wanabeba kazi yake?

Mwalimu wa Karakana

Mkuu, walikukosea, na kijana walimkosea zaidi.

Malipo: kazi ile ile, mshahara ule ule. Marekani kuna sheria ya mwaka 1938 iliyoruhusu mwenye ulemavu alipwe chini ya kima cha chini, na majimbo kadhaa yameshaikataa. Ukianza kwa kumpunja, kila mtu bohari nzima atamwona nusu mtu, na yeye pia. Kama kwa sasa anaweza saa nne, mpe mkataba wa saa nne na umlipe saa nne kamili. Nchi nyingine zinamsaidia mwajiri gharama. Uingereza tangu 1994 ina mpango wa Access to Work unaolipia vifaa, usafiri na wakalimani. Ujerumani wanatumia njia ya pili, kila mwajiri mwenye nafasi za kazi 20 au zaidi atakiwe kuwa na asilimia 5 ya wafanyakazi wenye ulemavu mkubwa, asipotimiza analipa tozo. Ulizia sheria ya kwenu ina nini, waajiri wengi wana haki ya msaada na hawajui.

Kukemea: mkemee. Akichelewa mwambie amechelewa, kama unavyomwambia mwingine, kwa maneno mafupi na ya wazi. Usiseme "ingekuwa vizuri ukijitahidi kidogo." Sema "Kazi inaanza saa mbili. Leo umefika saa mbili na nusu. Kesho saa mbili." Vijana wangu wengi waliachishwa kazi bila kuambiwa hata mara moja kosa lao, kwa sababu bosi aliwaonea huruma. Huruma ile ndiyo iliyowafukuzisha.

Wenzake: wakilalamika sikiliza, huenda wana hoja. Mara nyingi kazi ilipangwa vibaya tangu mwanzo, mtu amepewa sehemu asiyoiweza na imewaangukia wao. Irekebishe kazi.

Na mpango wowote tutakaofanya, utapata namba yangu na ya mama. Nitakuwa pale kila siku wiki mbili za mwanzo, kisha siku mbili kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Simu yangu itapokelewa hata baada ya miaka miwili, kwa sababu shida kubwa haziji mwezi wa kwanza. Zinakuja msimamizi akibadilika.

Mama wa Usonji

Nimerudi. Wiki tatu sasa. Leo kavaa mwenyewe, dakika 40. Fulana kageuza. Nilikaa jikoni nimeshika meza ili nisiingie. Basi bado nakaa kiti cha nyuma.

Msimamizi wa Bohari

Mwalimu, nimeongea na wakubwa. Wamekubali majaribio ya wiki sita kwa malipo, upande wa vipuri, saa tatu hadi saa saba. Upande ule hauna mashine. Kama mama ameridhia, na kijana mwenyewe ameridhia, tuanze mwezi ujao. Niambie siku ya kwanza nifanye nini, nisiharibu.

Mwalimu wa Karakana

Ahsante mkuu. Muulize kijana, siyo mama, na msubiri ajibu. Anaweza kuchukua nusu dakika. Usijaze ukimya ule.

Mlete Jumamosi kabla, bohari ikiwa tupu, aione. Siku ya kwanza asipewe zaidi ya kazi moja. Mwonyeshe mahali pa kuweka begi lake, na pawe pake siku zote. Ratiba yake iandikwe kwa saa, ibandikwe usawa wa macho. Mapumziko yakifika, mtu amwendee amwambie "sasa ni mapumziko, twende", asiachwe kukisia. Mtambulishe kwa wenzake kwa jina lake na kazi yake, mengine atawaambia mwenyewe akitaka.

Na kabla ya yote hayo, akishaingia tu mlangoni, mwonyeshe choo kilipo. Nenda naye mpaka pale, afungue mlango mwenyewe.